Nguzo Haiachii, au Inaachia Ovyo: Matatizo ya Kugongesha Nguzo za Taa kwenye Kompyuta

Nguzo ya kuachia ni nguzo ya taa au ya kibao cha barabarani ambayo ikigongwa inachomoka kwenye kitako chake, gari likapita, na waliomo wakashuka kwa miguu yao. Hapa Unguja wanaonijia na kazi hizi ni wanafunzi wa uhandisi walio mwaka wa mwisho, na mafundi vyuma wachache walioletewa kitako cha nje wakatakiwa wachonge mfano wake. Maswali yao hayazidi kumi. Yanazunguka tu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia.

Kama huna muda wa kusoma yote, nenda kwenye kitako. Macho ya watu yanavutwa na gari linavyojikunja na nguzo inavyoruka, ilhali ugomvi wote umeshakwisha kwenye bolti tatu zilizo chini ya goti.

Halafu ujue unapimwa kwa lipi. Mwongozo wa Marekani unaitwa MASH, ulitoka 2009 ukafanyiwa marekebisho 2016. Unataka gari dogo la kilo 1100 ligonge nguzo kwa kilomita 30 kwa saa, jingine kama hilo kwa 100, kisha pikapu ya kilo 2270 kwa 100. Ulaya wana EN 12767: gari la kilo 900 hivi, kwa mwendo wa 35 na mwendo mmoja mkubwa, yaani 50, 70 au 100. Kwa MASH, kasi ambayo abiria anajigonga nayo ndani ya gari isizidi mita 4.9 kwa sekunde, na paa lisibonyee zaidi ya milimita 102. Kisiki kinachobaki ardhini kisizidi milimita 100. Ziandike namba hizi kwenye karatasi uzibandike ukutani.

Dalili ya 1: Gari limekunjika mpaka injini, nguzo imesimama tu

Anza na vipimo. Programu za kugongesha, iwe LS-DYNA au OpenRadioss ambayo tangu 2022 inapatikana bure, hazijui kilo wala milimita, zinajua namba. Ukichagua milimita, tani, sekunde na Newton, densiti ya chuma ni 7.85e-9 na moduli ya Young, yaani ukakamavu wa chuma, ni 210000. Ukiandika 7850 kwa mazoea ya skuli, umesimamisha nguzo iliyo nzito mara trilioni moja kuliko ya kweli. Nimeshafanya hivyo mwenyewe. Siku tatu nzima nilikuwa nabadilisha bolti, kumbe nilikuwa nagongesha gari kwenye mlima.

Ukaguzi wake ni wa dakika mbili. Soma uzito wa kila kipande ambao programu inauchapisha mwanzoni. Bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 150, unene wa milimita 3 na urefu wa mita 8 lina kilo 87 hivi. Gari la kilo 1100 kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati mwendo ya kilojuli 424. Kwenye 30 lina 38 tu. Usipoziona namba za namna hiyo, simamisha hapo hapo.

Vipimo vikiwa sawa, mtuhumiwa wa pili ni ukazaji. Kitako cha kuteleza ni mabamba mawili, moja limefungwa kwenye msingi, jingine limechomelewa chini ya nguzo. Yamebanwa kwa bolti tatu zilizokaa kwenye nafasi zilizo wazi kwa nje, si kwenye matundu yaliyofungwa. Bampa ikisukuma, bamba la juu linateleza juu ya la chini, bolti zinasukumwa nje, nguzo imekwenda. Kinachoizuia nguzo ni msuguano, na msuguano unatokana na kani ya kubana. Kwa hiyo aliyekaza bolti kwa nguvu zake zote akidhani anaimarisha, ameua kitako.

Hesabu yake ni nyepesi: kani ya bolti moja ni ukazaji ukigawanywa kwa zao la kipenyo na kigezo cha nyuzi, yaani namba inayoonyesha nyuzi za bolti zinasuguana kiasi gani. Chukua kwa mfano bolti ya milimita 20, ukazaji wa Newton-mita 100, kigezo 0.2. Unapata kilonewton 25 kwa bolti, 75 kwa tatu. Msuguano wa mabamba ukiwa 0.2, kitako kinaanza kuteleza kwa kilonewton 15, ukiwa 0.4, ni 30. Hizo ni namba za mfano. Za kazi yako utazipata kwa mtengenezaji wa kitako, usinakili zangu.

Sasa angalia jambo lililomkuta fundi mmoja pale Mwanakwerekwe. Alikuwa na kitako cha mfano juu ya meza, bolti zinang'aa.

"Sheikh wangu, nimezipaka grisi zisishike kutu. Spana yangu ya kupimia imesema mia, sikuzidisha hata nukta."

Spana haikusema uongo. Ila grisi imeshusha kigezo kutoka 0.2 kufika karibu na 0.15, na mia ile ile sasa inabana kwa kilonewton 33 kwa bolti badala ya 25. Yeye ameona mia, kitako kimeona theluthi zaidi. Bolti yenye kutu hufanya kinyume: unakaza mpaka spana inasema mia, nguvu nyingi imeliwa na nyuzi, kubana kwenyewe kumekuwa kudogo. Kwenye modeli, basi, usiweke ukazaji. Weka kani ya kubana, na ujaribu ya chini, ya kati na ya juu. Matokeo yakigeuka kwa tofauti hiyo, umepata ugonjwa.

Tatu, mabamba yameingiliana. Ukichora bamba kwa elementi za ganda, yaani vipande vidogo bapa ambavyo programu hugawia umbo, ukasahau kwamba unene unakwenda juu na chini ya mstari wa katikati, mabamba mawili yanaanza yakiwa yamezama moja ndani ya jingine. Programu inayasukuma yaachane kwa nguvu, bolti zinavutika kabla gari halijafika. Omba orodha ya miingiliano ya mwanzo. Ikiwa na mistari mingi, rudi kwenye mchoro.

Nne, bati la kushikia bolti. Kati ya mabamba huwekwa bati jembamba lenye matundu, kazi yake kuzizuia bolti zisitembee nje kwa mtikisiko wa upepo. Kwa kusi linavyovuma huku kwetu Mei mpaka Septemba, usilitoe. Lakini lazima lichanike likigongwa. Nimeona modeli ambayo kijana ameliwekea unene wa milimita 3 "ili meshi itoke vizuri", yaani wavu wa elementi. Hilo si bati tena, ni pingu.

Tano, na hii ni nadra kwenye kompyuta lakini imejaa barabarani: gari limegonga juu mno. Kitako kimetengenezwa kwa pigo la kimo cha bampa, nusu mita hivi kutoka ardhini. Gari likiwa limeruka mtaro likagonga kwa mita moja, nguzo inapinda badala ya kuteleza. Upande mmoja wa bamba unanyanyuka, wa pili unakandamizwa, bolti zinakwama. Hapo hakuna hesabu ya ukazaji itakayokuokoa. Nguzo ihamishwe.

Dalili ya 2: Nguzo inaondoka kabla ya kuguswa, au gari linapita kama kwenye moshi

Msuguano umebaki sifuri. LS-DYNA isipoambiwa kitu inachukua sifuri, na watu wengi hawajui. Mabamba yanakuwa kama samaki aliyetoka majini.

Kama msuguano upo, tazama kama kubana kupo pale gari linapofika. Kani ya bolti haizaliwi ghafla. Ipandishe polepole ndani ya milisekunde 20 za mwanzo, pamoja na uzito wa nguzo yenyewe, halafu ndipo gari ligonge. Maana yake liache gari nyuma kiasi: kwa kilomita 30 kwa saa, milisekunde 20 ni milimita 167, kwa 100 ni milimita 556. Wanafunzi wanalibandika gari kwenye nguzo ili kuokoa muda, pigo linatua wakati bolti bado zimelegea, wanafurahi kwamba nguzo imefaulu.

La mwisho ni kiwango cha chuma kukatika kilichowekwa kidogo mno, elementi zinafutika zikiguswa. Tazama kama vipande vinapotea pasipo kuvutika kwanza.

Dalili ya 3: Kazi inakufa katikati

Usicheke: ukaguzi wa kwanza ni umeme. Kazi ya saa thelathini ikikatika saa ya ishirini na tisa, watu wanaanza kulaumu meshi. Tazama saa ya faili la mwisho, ulize jirani kama umeme ulikatika. Weka programu iandike faili la kuanzia tena kila baada ya muda, na kompyuta iwe na betri ya kuishikilia walau ijizime kwa heshima. Joto nalo ni sababu. Januari chumba kisicho na kiyoyozi kinapika prosesa.

Kama umeme haukukatika na ujumbe unasema ujazo wa elementi umekuwa hasi, ni sponji. Kwenye modeli za magari kuna sponji ndani ya bampa na kwenye viti. Ikibanwa sana elementi inapinduka tumbo nje. Washa mgusano wa ndani wa sponji, ongeza ugumu wake mwishoni mwa mkunjo, punguza kigezo cha hatua ya wakati, yaani mruko mdogo wa muda kati ya hesabu moja ya programu na inayofuata, kutoka 0.9 hadi 0.7. Fanya kwa mpangilio huo huo.

Kama haifi bali inatambaa, tafuta elementi ndogo kuliko zote. Sauti husafiri ndani ya chuma kwa mita 5000 kwa sekunde hivi, na hatua ya wakati haiwezi kuzidi muda wa sauti kuvuka elementi. Elementi ya milimita 5 inakupa maikrosekunde moja; ya nusu milimita, sehemu ya kumi yake. Elementi moja ya nusu milimita kwenye kona ya nati inaifanya kazi ya siku moja kuwa ya siku kumi. Watu wanakimbilia kuongeza uzito wa bandia ili hatua irefuke. Kwenye mlango wa nyuma wa gari, sawa. Kwenye bolti, hapana: uzito huo ndio unaokwenda kukudanganya pale pale unapopima.

Dalili ya 4: Video inapendeza, nishati haifungi

Hii ndiyo inayopita mbele ya majopo bila kuulizwa, kwa sababu video ina rangi. Chora nishati yote kwa pamoja. Utaratibu wa uhakiki uliotolewa Marekani 2010 chini ya NCHRP, mpango wao wa utafiti wa barabara kuu, unataka nishati yote isibadilike zaidi ya asilimia 10. Nishati bandia ya elementi zinazojipinda bila kujibu nguvu isizidi asilimia 5 ya ile ya mwanzo, na uzito ulioongezwa usizidi asilimia 5. Mimi naongeza sharti langu: pima nishati bandia ya kitako peke yake. Gari ni kubwa, linaficha dhambi za kipande kidogo. Ukikuta kitako kimejaa nishati bandia, badilisha aina ya elementi kwenye mabamba na bolti, weka walau tatu kwenye unene.

Mchapuko ukionekana kama nywele zilizotimka, si lazima iwe kosa. Kipimo kibichi hakisomwi. Kinachujwa kwanza, kwa kawaida kwa kichujio cha CFC 180, kinachoondoa mitikisiko ya haraka mno. Aliyeniletea mchapuko wa g 300 hakuwa ameua abiria, hakuwa amechuja.

Dalili ya 5: Kwa 100 inafaulu, kwa 30 inafeli

Kila mtu anashangaa mara ya kwanza. Kwa 100 gari lina kilojuli 424, kitako kikila 15 halihisi. Kwa 30 lina 38 tu, na hizo 15 ni zaidi ya theluthi ya mali yote. Ndiyo maana mtihani mgumu wa nguzo ya kuachia mara nyingi ni ule wa polepole, na ndiyo maana anayeonyesha wa 100 pekee nampa karatasi zake arudi nazo. Rudi kwenye dalili ya 1, sababu ya pili.

Kama kitako kimeachia vizuri na bado umefeli, tazama paa. Kwa mwendo mkubwa gari linapita chini ya nguzo kabla haijaanguka. Kwa mwendo mdogo nguzo inalalia boneti, kioo au paa. Kuanguka kwa nguzo ya mita 8 kunachukua zaidi ya sekunde moja, na vijana wanakata kazi kwenye milisekunde 150 kwa sababu "gari limeshapita". Halijapita. Endesha mpaka nguzo ilale chini.

Taa za sola zimeongeza tatizo hili. Betri ikifungwa juu kabisa pamoja na paneli, kitovu cha uzito kinapanda, mguu wa nguzo unakimbia mbele na kichwa kinabaki kikidondoka karibu na pale pale kilipokuwa, juu ya gari linalojikokota. Ukichora nguzo ya sola bila betri yake umechora nguzo nyingine. Betri iliyo chini, ndani ya sanduku la ardhini, inasaidia sana, ingawa wizi nao unajulikana.

Swali la pembeni ninaloulizwa: je, modeli ya Toyota Yaris ya 2010 inayotolewa bure na Chuo Kikuu cha George Mason inafaa kwa magari yetu? Kwa Vitz, ndiyo kwa kiasi. Ni ukoo mmoja na uzito unakaribiana. Kwa Noah au daladala lenye pua bapa, haikwambii kitu. Kwa bodaboda na vespa, usithubutu hata kulitaja. Miongozo hiyo ni ya magari.

Dalili ya 6: Kompyuta inasema ndiyo, barabara inasema siyo

Kwenye kompyuta msingi umeshikwa na ukuta usiotikisika. Upande wa mashariki wa Unguja, kwenye maweni, hilo si mbali na ukweli. Ukichimba kidogo unakutana na jiwe. Kwenye udongo mzito wa mabonde ya Pemba, msingi mfupi unayumba, unakula nishati na kuinamisha bamba, na bamba lililoinama halitelezi linavyotakiwa. Weka udongo kwenye modeli au refusha msingi.

Halafu mvua. Kwenye barabara moja ya Pemba, baada ya masika, niliinama na rula kwenye kitako cha nguzo kilichofukiwa sawa na ardhi siku kilipowekwa. Maji yalikuwa yamekula udongo upande wa mtaroni, zege liko wazi, mizizi ya majani imening'inia. Kutoka ardhini hadi juu ya bamba la chini: milimita 170. Kisiki cha namna hiyo kinachana tangi la mafuta hata nguzo ikiachia kama kwenye kitabu. Hapakuwa na kosa la hesabu pale. Palitakiwa toroli mbili za kifusi na kushindiliwa. Kagua kila baada ya masika na vuli, kwa rula iliyosimamishwa juu ya ubao wa mita moja na nusu, si kwa jicho.

Kutu ya chumvi inashika mabamba yakawa kitu kimoja, hasa pwani. Matone ya zinki yaliyobaki baada ya kuchovywa yanafanya vivyo hivyo. Yasagwe kabla ya kufunga.

Na kama nguzo iko mbele ya skuli, sokoni au kituo cha daladala, usiweke ya kuachia kabisa. Itamwachia dereva na kumwangukia mtu aliyesimama. EN 12767 ina daraja la HE, la nguzo zinazonywa nishati zikijikunja mbele ya gari bila kuruka. Soko la Darajani si mahali pa kurusha nguzo.

Hapa acha, muite mwenye kazi yake

Modeli haikupi ruhusa ya kusimamisha nguzo barabarani. Ikishafaulu kwenye kompyuta inakwenda kwenye maabara yenye ithibati, na mhandisi aliyesajiliwa ndiye anayetia saini.

Usijitengenezee jaribio. Kijana mmoja aliniambia atatundika bonge la zege kwenye tawi la mwembe wa kwao alibembeze. Hesabu yake ilikuwa sahihi: likishuka mita 3.54 linafika kilomita 30 kwa saa. Marekani wanalo pendulo la namna hiyo huko McLean, Virginia, kwenye kiunzi cha chuma, na watu wakiwa mbali. Mwembe si kiunzi, na kamba ikikatika bonge halichagui nguzo na dada yako anayeanua nguo.

Usifungue kitako cha nguzo iliyosimama ili "uone bolti". Ukilegeza ya pili, ya tatu haishiki.

Na nguzo iliyokwisha gongwa, hata iwe imelala majanini, ichukulie kuwa ina umeme. Waya za nguzo ya kuachia zinatakiwa ziwe na kiungo kinachochomoka chenye fyuzi. Huwezi kujua kama aliyefunga alikiweka au alisokota waya akazungushia tepu. Simama mbali, zuia watoto, wapigie shirika la umeme, ngoja wakate laini, ndipo utoe rula yako.